Herufi Zisizo na Kona

Walukuba, Jinja
Jumapili, 10 Agosti 1997

Kwa dada yangu Docus,

Barua yako imenifikia Jumatano kwa mkono wa Faruk, yule dereva wa lori la biskuti, pamoja na mifuko miwili ya maharage. Nashukuru sana. Huku kwangu tunaamka na kulala. Kikohozi cha rangi ninacho kama kawaida, na jicho la kushoto bado linatoa machozi nikisoma. Nauliza goti lako limefikia wapi, na kama mvua za Wanale zimeshaacha kuubomoa ule ukuta wa jikoni. Nisalimie majirani wote, hata wale usiosemezana nao, maana najua ndio wengi.

Umeniagiza kazi mbili, na umeziandika kwa namba kama marehemu baba alivyokuwa akiandika orodha zake za wafungwa. Ya kwanza ni msalaba wa mvule wa shemeji Wanyama, wenye jina lake na tarehe zake, uwe umefika kabla ya siku ya kuondoa matanga, Jumamosi tarehe 30. Ya pili ni ubao wa kupigilia kwenye ule mti ulio mwanzo wa njia ya kwako, uandikwe SHALLON ASIKANYAGE HAPA. Unasema wazee wa ukoo wamekubali. Siku hiyo ya matanga ubao utapigiliwa mbele ya watu, na kuanzia hapo binti huyo wa kaka yake shemeji hana nyumba Wanale, hana shamba aliloachiwa na baba yake, na shule aisahau. Umetaka uwe kwa Kiswahili, kwa kuwa watu wa huko wakiona Kiswahili ubaoni hudhani nyuma yake amesimama askari. Hapo umesema kweli. Sisi wa laini za magereza, watoto wa askari jela, tulikunywa Kiswahili pamoja na uji, lakini wenzetu wengi walikisikia wakiwa wamelazwa kifudifudi na wanajeshi.

Halafu ukaongeza kwamba zote mbili unazitaka kwa herufi zangu nono. Hilo limenichekesha, dada. Ulipoziona mara ya kwanza mwezi wa tatu uliniambia zinafanana na watu walioumwa na nyuki usoni. Ulisema nimeuacha mwandiko wa baba, sajini Otim, ulionyooka, nikaingia kwenye utoto. Leo zimefaa kaburini. Unasema marehemu alizipenda: lori la biskuti likipita barabarani alikuwa akiomba kiti chake kigeuzwe, akalitazama mpaka lipotee. Sentensi hiyo nimeisoma mara nne.

Msalaba umekwisha. Ubao haujakwisha, na kabla sijasema kwa nini, itabidi nikueleze jinsi herufi hizi zilivyozaliwa. Usiruke hata aya moja. Najua tabia yako ya kusoma salamu za juu na salamu za chini, ukadhani umesoma barua.

Unamkumbuka Mzee Ghanshyam, yule Mhindi ambaye watu wake walifukuzwa mwaka wa sabini na mbili na yeye akarudi juzi juzi kudai jengo la baba yake. Mwezi wa kwanza alikuwa anajiandaa kufungua kiwanda cha biskuti katika jengo hilo, akatuita waandishi wa mabango watatu tumwonyeshe kazi. Wenzangu walileta herufi zenye vivuli na mikia. Mimi nilileta zile za baba, nyembamba, zimesimama kama gwaride. Mzee alizitazama akasema "hii herufi iko na njaa". Alitaka herufi ambayo mtoto akiiona kwenye katoni atamani kuing'ata. Mkewe, Dhanlaxmi, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, alisema ziwe zimekula na zimeshiba, na zisimchome mtu. Wale wawili walicheka wakaondoka. Mimi nilibaki.

Aliitaka seti nzima, A mpaka Z, kwa kimo kimoja, ili katoni, milango ya malori, aproni za wafanyakazi na geti vyote viseme kwa sauti moja. Na aliitaka kwa stensili, kigezo kilichotobolewa herufi unachokipaka rangi juu yake, si kwa mkono, kwa sababu katoni ni maelfu. Nilichora kwenye daftari wiki mbili. Kila tumbo la herufi nililizungusha kwa mfuniko wa kopo la vaselini, na kila tundu la ndani kwa sarafu. Hakuna mstari mwembamba hata mmoja. Vitundu vya A na O ni vidogo, kama kitovu cha mtoto aliyenyonya. Nilijivuna, sitakuficha. Nilikuwa na miaka thelathini na saba na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kukitengeneza ambacho hakikuwa cha baba.

Watu huniuliza kwa nini herufi zangu hazina kona popote, na mimi huwajibu kwa maringo kwamba ndiyo mtindo. Ukweli ni kwamba stensili tunazikata kwenye filamu za eksirei. Hakuna kitu kingine kinachovumilia rangi, kusuguliwa na kuoshwa kwa petroli mara mia. Ila filamu ina ugonjwa wake: ukiikata kona kali, inaanza kupasuka papo hapo, na mpasuko unatembea mpaka herufi ya jirani. Ukikata mviringo, haipasuki. Kwa hiyo nilizungusha kila kitu, nje na ndani, na huo ndio mtindo wote.

Filamu hizo nilikuwa naletewa na Mugweri, mfagiaji wa kliniki moja ya hapa mjini, zile kuukuu ambazo wenyewe hawakuzifuata. Tunaziloweka kwenye Jik ya kung'arishia nguo usiku kucha, picha inatoka, inabaki karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Wiki ile ya mwezi wa pili Mugweri alikuwa msibani Kamuli. Mimi nilikuwa na vipande tu. Ghanshyam akatuma mtu siku ya Ijumaa asubuhi kusema malori mawili yanaondoka Jumatatu, na kama seti haipo mezani kwake Jumamosi jioni, atampa kazi yule mwenye mikia. Nikapata filamu moja kubwa, safi, haina mkwaruzo. Nikaipima: mistari mitano ya herufi tano. Q na X nikaziacha, hakuna anayezitaka huku. W na M nikazibana matumbo zikaingia. Herufi ishirini na nne kutoka filamu moja, na kipande kimoja kikabaki. Hata kuiloweka sikupata muda.

Yaliyofuata unayajua, maana umeyaona yakipita barabarani. Biskuti zilipofika madukani watu hawakuuliza biskuti, waliuliza mwandishi. Kinyozi wa Nalufenya alizitaka. Muuza nyama ya nguruwe alizitaka. Walokole wa hema la bati walizitaka kwa neno TUBU, nikawaandikia TUBU iliyonona mpaka dhambi yenyewe ikaonekana tamu. Kituo cha polisi walinipa SIMAMA. Shule moja ilinipa milango ya vyoo. Fundi wa majeneza wa hapa Walukuba, mtu asiyecheka, alizitaka kwa bango lake, na siku tulipolisimamisha watoto walikuja kuuliza kama anauza peremende. Nilizipenda zikiwa popote. Herufi zile hazikuchagua. Ziliandika chochote kwa uso uleule mchangamfu, na mimi nikawa hivyo hivyo.

Sasa rudi nami kwenye wiki ile ya mwezi wa pili, dada, kwa sababu ndiyo wiki shemeji Wanyama alikuwa nyumbani kwangu.

Ulimtuma wewe, na Shallon ulimtuma ambebee mizigo. Daktari wa vifua anayepita Mbale, mjini kwenu hapo chini, mara moja kwa miezi mitatu alikuwa anakuja Jumanne, na alikuwa amesema hamgusi mtu bila picha. Ulisikia huku kuna Daktari Manpreet mwenye mashine nzuri. Alhamisi nilimpeleka mwenyewe. Daktari aliiinua picha dirishani, akasema kuna maji na kuna uchafu upande wa kulia, lakini bado mapema, akitolewa sasa na kupewa dawa atalima tena kabla ya mwaka kuisha. Alimwambia asiikunje picha hiyo na asiipoteze. Shemeji aliipokea kwa mikono miwili. Tulipofika nyumbani aliiweka juu ya kabati langu ndani ya bahasha ya kaki, na Ijumaa asubuhi yeye na Shallon wakaenda kwa mashemeji zake wa Masese kulala huko, warudi Jumamosi.

Ndiyo, dada. Ndiyo hiyo.

Hukuipoteza wewe wala hakuipoteza Shallon. Sikulewa, na hakuna aliyenishawishi. Niliishusha bahasha saa nne asubuhi, nikaitazama picha, nikaona mbavu za mume wako, nikasema moyoni kwamba mtu anaweza kupigwa picha mara ya pili lakini Ghanshyam haji mara ya pili. Nikachukua wembe. O niliitoa kwenye moyo, maana hapo ndipo filamu ilikuwa nyeupe na safi zaidi. Kazi ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilipiga mluzi nikiifanya. Nakuandikia haya yote kwa sababu nikiacha moja utalitumia kunisamehe, na sitaki.

Shemeji alirudi Jumamosi mchana peke yake. Shallon alikuwa amebaki stendi na mizigo. Nilikuwa nimetayarisha uongo wangu, kwamba Mugweri alipita akaichukua kwa makosa. Lakini herufi zilikuwa zimening'inia kwenye kamba mbele ya dirisha, na kila moja ilikuwa na kipande cha ubavu ndani yake. Alizitazama kutoka mwanzo wa kamba mpaka mwisho. Akakaa. Akaomba maji, akayanywa yote. Kisha akasema, "Shemeji, hakuna neno." Unajua adabu ya watu wa Wanale kwa ndugu wa mke. Yule mtu asingeweza kuniita mwizi hata ningemkata yeye mwenyewe badala ya picha yake. Akainuka, akaniaga kwa mkono, akaenda stendi.

Hapa kuna jambo aliloniomba nisikuambie, nami nakuambia. Mwezi wa tano nilipokuja Mbale na akawa hainuki tena, alinituma nikufukuze chumbani kwa kisingizio cha chai. Akanieleza kwamba siku ile, pale stendi, alimwambia Shallon bahasha iko chini kabisa ya kikapu chake, asiiguse mpaka nyumbani. Shallon hakujua lolote, alikipakata kikapu kile mapajani mpaka Mbale. Mlipokifungua haikuwemo, ukamrukia, na mumeo akakaa kimya. Alidhani mtoto wa nyumbani atapigwa makofi mawili na yataisha, na picha nyingine itapigwa siku moja. Hakujua kwamba pesa ya picha haitapatikana. Hakujua kwamba daktari wa vifua atakaporudi mwezi wa tano yeye atakuwa hawezi hata kukaa. Alisema nisikufanye uchague kati ya mume na ndugu, basi niache ibaki kwa Shallon, ni mdogo, atasahau. Nilikubali haraka, nikashukuru. Pesa ya picha mimi nilikuwa nayo tangu mwezi wa tatu. Nilinunua baiskeli.

Umeandika kwamba mumeo hakuwahi kusema uongo maisha yake yote. Alisema mmoja, dada, na alimtwika binti wa kaka yake. Ningeweza kukuachia yeye akiwa safi. Nimefikiri juu ya hilo tangu Jumatano, nikaona kwamba ukibaki naye akiwa safi, mimi ndiye nitakayekuwa mchafu peke yangu, na moyo wangu haukutaka. Hata katika kutubu mimi ni mchoyo.

Na wewe je? Mtoto umemlea tangu ana miaka sita, amekuita mama, halafu mbele ya waombolezaji wote ukamwita mwuaji. Ulimshika mkono akiwa ameshika udongo wa kumtupia baba yake mdogo kaburini, ukamfungua vidole kimoja kimoja mpaka udongo ukamwagika. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenu. Wanawake walikutazama, wakamtazama yeye, na mimi mwenye neno moja la kusema nilikuwa nashika kofia yangu.

Shallon yuko Nalufenya. Anaosha sahani kwenye hoteli ya mama mmoja anayeitwa Nangobi, na analala storini pamoja na magunia ya mkaa. Mwezi wa sita alikuja hapa kwangu. Alisema, "Anko, labda ilianguka nyuma ya kabati, tutafute." Akasema kama tukiipata atakuletea, hata kama anko Wanyama hayupo, ili tu uione. Basi nilimsaidia. Nilisogeza kabati, nilitoa nguo zote, niliinua mkeka, nilishika taa akachungulia uvunguni. Tulitafuta muda wa saa mbili. Stensili zilikuwa mezani ndani ya kasha la viatu, na yeye mwenyewe alilinyanyua kasha hilo ili afute vumbi chini yake. Alipochoka alikaa sakafuni, akaniomba radhi kwa kunisumbua. Nikamwambia hakuna neno. Maneno yaleyale ya shemeji, na yalinitoka kirahisi tu.

Ndugu yako yuko namna hiyo. Hukumjua, na mimi pia sikumjua mpaka ulipomwagiza ubao.

Kuhusu msalaba, usishangae ukiufungua. Jina la shemeji nimeliandika kwa mkono, kwa herufi za sajini Otim, nyembamba na zenye kona. Nilijaribu kwanza kwa stensili. Niliweka W juu ya mbao, nikachovya sponji, nikaiweka chini. Nilikaa pale mbele ya mbao mpaka rangi ikaganda kwenye kisahani, nikalia, si kwa uzuri. Najua uliziomba nono. Hizo hutazipata kwake.

Kuhusu ubao, nimeuandika nusu. ASIKANYAGE HAPA yapo tayari, meusi juu ya njano, yamenona, yatasomeka hata na mtu aliye ng'ambo ya bonde. Nafasi ya jina nimeiacha wazi. Faruk atakuletea ubao, msalaba, kopo dogo la rangi, sponji, na bahasha mpya ya kaki. Ndani ya bahasha zimo herufi zote ishirini na nne. Ghanshyam nimemwambia zimechakaa, nitamkatia nyingine, na kwa mara ya kwanza nitakata filamu niliyoinunua. Hizi ni zako. Usizikunje. Ukiziinua dirishani moja moja utaziona mbavu, na ukizipanga vizuri mezani utampata karibu wote, isipokuwa yale matumbo ya herufi yaliyotupwa.

Jina la nani liandikwe, utaamua wewe, maana ubao ni wako na njia ni yako. Unaweza kuandika langu, CONRAD, na sitabisha. Unaweza kuandika WANYAMA, ingawa yeye keshaingia na hatoki. Unaweza kuandika lako mwenyewe, kwa ule udongo. Na ukitaka bado kuandika SHALLON kama ulivyoagiza, herufi zake zote zimo, nimehakikisha. Ila itabidi uzishike kwa vidole vyako na kuzipaka rangi juu ya kifua cha mumeo, moja baada ya moja.

Shallon bado sijamwambia. Nikifunga barua hii nitatembea mpaka Nalufenya nimweleze kabla sijabadilisha mawazo, na atanifanya anavyotaka. Akikubali kusafiri na mimi, tarehe 30 tutapanda basi la kwanza. Tutafika kwenye ule mti kabla watu hawajajaa, tutasimama nje ya njia, na tutasoma ulichoandika.

Nipelekee salamu kwa wazee wa ukoo, na kwa mama yake Wanyama umshikie mkono kwa niaba yangu kama bado atautaka. Ugue pole goti. Maharage yalikuwa mazuri.

Ni mimi, mdogo wako,
Conrad Otim
mwandishi wa mabango